Kuzunguka Ziwa Vassivière kwa baiskeli ya changarawe

Treni ya mkoa kutoka Limoges, katikati ya Ufaransa, inatufikisha Eymoutiers, mji ulio karibu na ziwa, kabla hata saa moja haijaisha. Ni treni fupi, na nafasi za baiskeli ni za kuhesabu, kwa hiyo mifuko inavuliwa kwenye baiskeli kabla ya kupanda. Anayetokea Paris anaondokea stesheni ya Austerlitz, na nafasi ya baiskeli hadi Limoges anaikata pamoja na tiketi yake. Asingoje kuitafuta mlangoni.

Mkate ununuliwe papo hapo Eymoutiers. Huku mashambani duka likifungwa saa sita u nusu mchana huenda lisifunguliwe tena mpaka saa tisa au kumi alasiri, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Kutoka hapo hadi ziwani ni kama kilomita 15 za lami, na karibu zote ni kupanda: mji uko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mita 650. Tunapanda taratibu kwa gia nyepesi, kwa sababu mwenye kuchosha miguu yake hapa ataililia kesho.

Ziwa lenyewe ni la kujengewa ukuta. Bwawa la umeme kwenye mto Maulde lilianza kazi mwaka 1950, maji yakafunika bonde, na kilima kimoja kikabaki katikati kama kisiwa. Eneo la maji ni takriban hekta 1,000, lakini ufuo una pembe na ghuba nyingi kiasi cha kufikia kilomita 45 hivi. Njia ya kuambaa maji hukata baadhi ya pembe hizo na kubaki kama kilomita 30. Ukisikia kilomita 30 usidhani ni asubuhi moja ya kupumzika. Hakuna mlima mrefu, ila vilima vifupi havikomi: unashuka hadi majini, unapanda mita 20 au 30, unashuka tena, na kila mshuko unaishia kwenye kona yenye mizizi.

Hapo ndipo tairi zinapoamua siku itakavyokwenda. Upana wa milimita 40 ndio wa chini kabisa, na sisi tunapendelea 45. Kwa mpanda baiskeli wa kilo 75 asiye na mzigo, tairi za tyubulesi (zisizo na tyubu ndani) zenye upana huo zinajazwa upepo PSI 30 mbele na 33 nyuma. Mwenye tyubu aongeze PSI sita au saba. Asipoongeza, gurudumu likigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba, na kiraka kimoja hakitoshi. Anayeogopa pancha akajaza PSI 50 atajuta kwa njia nyingine: tairi ngumu inadundadunda juu ya mizizi, haishiki, na viganja vinakufa ganzi kabla ya kufika nusu ya mzunguko.

Udongo wa huku ni matale yaliyooza yakawa mchanga mnene, wenye punje ngumu za kwatzi. Aliyezoea barabara za moramu atashangaa. Moramu ina mfinyanzi, mvua ikinyesha inageuka utelezi na kuganda kwenye uma wa baiskeli. Mchanga huu unapitisha maji, na saa chache baada ya mvua njia inapitika tena. Ubaya wake uko kwenye breki. Punje zikichanganyika na maji zinasaga kila kitu kama msasa, na pedi laini za diski zinaweza kuliwa nusu kwa siku moja ya mvua. Pedi za chuma hudumu zaidi ingawa zina kelele. Chukua jozi moja ya akiba, na kabla ya kuziweka mpya zirudishe pistoni ndani kwa kitu bapa kisicho na ncha, la sivyo diski haitapita katikati.

Tunaanzia Auphelle, upande wa magharibi, na kuzunguka kwa mwendo wa saa, maji yakiwa kuliani: Broussas, Vauveix, Masgrangeas, halafu kusini hadi Pierrefitte, ambako daraja linaingia kisiwani. Kisiwani kuna kituo cha sanaa kilichobuniwa na Aldo Rossi na Xavier Fabre, kilichofunguliwa mwaka 1991, chenye mnara kama wa taa za meli, na sanamu zimetawanyika msituni. Wapita kwa miguu ni wengi, shuka utembee.

Kwa kweli, Julai na Agosti njia ya ufuoni tunawaachia watembeaji. Ni nyembamba, watoto wanakatiza kwenda kuogelea, na vidaraja vya mbao vikilowa vinateleza kama sabuni. Raha ya changarawe iko mita mia chache juu, kwenye barabara za kusafirishia magogo ndani ya misitu ya misonobari. Ni pana, zimemwagiwa kokoto, na kwenye ramani ya IGN (taasisi ya ramani ya Ufaransa) ya kipimo cha 1:25,000 zinaonekana kwa mistari miwili. Mstari mmoja mwembamba ni kijia, na huenda ukabeba baiskeli begani.

Barabara hizo zina mitego yake. Mashine za kuvunia miti huacha mikondo mirefu ya matairi, na gurudumu likiingia humo usilazimishe kutoka. Punguza mwendo, simama, utoke. Vijiti vilivyoachwa chini ni hatari zaidi kuliko mawe: kimoja kikidaka kwenye spoku kinaivuta gia ya nyuma hadi mkono wake unapinda au kuvunjika. Ukisikia kitu kinagongagonga nyuma, acha kukanyaga pedali hapo hapo. Halafu kuna mifereji ya kukingama, ya mbao au chuma, inayokata barabara kwa mshazari ili kutoa maji. Ukiivuka kwa kufuata barabara, gurudumu la mbele linateleza kufuata mfereji. Igeukie kidogo, uivuke kwa pembe ya mraba, breki umeziachia.

Siku ya pili tunaliacha ziwa. Royère, kisha daraja la Senoueix, daraja dogo la mawe lisilo na kingo juu ya mto Thaurion, kisha Gentioux na Faux-la-Montagne, na kurudi Pierrefitte: kati ya kilomita 40 na 50 kutegemea njia za msitu utakazochagua. Gentioux kuna mnara wa kumbukumbu ya vita usiofanana na ya vijiji vingine: mtoto yatima amenyoosha ngumi kuelekea maandishi yasemayo ilaaniwe vita. Maji ya kunywa yatafute kabla ya kutoka Royère. Makaburini huwa na bomba, lakini soma kibao kwanza. Palipoandikwa «non potable» hapanyweki.

Gia za meno 40 mbele na 42 nyuma zinatosha kwa vilima vyote vya huku. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji, kwa hiyo valia rangi kali, na ukikuta kibao cha msako rudi nyuma. Jioni kagua miguu: kupe wa kwenye magugu haya wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, na huondolewa kwa kibano kikishika karibu kabisa na ngozi, bila kuminya tumbo lake.

Kurudi Eymoutiers ni mteremko. Ratiba ya treni iangaliwe siku moja kabla, hasa Jumapili, kwani zinazopita ni chache. Baiskeli ioshwe kwa ndoo na brashi. Bomba la presha linasukuma ule mchanga ndani ya beringi za magurudumu na pedali. Kausha cheni kwa kitambaa kabla ya kuipaka mafuta, maana mafuta yakipakwa juu ya mchanga yanaushikilia humo humo.