Mguu wa Baba

Kwetu Upareni, kanisa la Wasabato, Meza ya Bwana inakuja kila robo ya mwaka, na kabla ya mkate na ile juisi ya zabibu lazima kwanza mtawadhane miguu, wanaume kivyao na wanawake kivyao. Wakatoliki nao wanayo yao Alhamisi Kuu ila kule padri ndo anaosha wachache wengine mnaangalia. Kwetu hakuna kuangalia, kila aliyebatizwa anaosha na anaoshwa. Sasa kuna kitu ambacho kila Msabato anakijua na hakisemi. Asubuhi ya siku hiyo watu wanaosha miguu nyumbani! Tena wanaosha kweli kweli, magaga yanasuguliwa kwa jiwe, kucha zinakatwa, mafuta mpaka katikati ya vidole, na kama kuna soksi mpya ndo siku yake. Yani mtu anaenda kuoshwa miguu ambayo ameshaimaliza mwenyewe, asije akaonekana ana miguu michafu. Mama alikuwa anatukagua hata sisi watoto ambao ubatizo hatujapata na hakuna wa kutuosha.

Hii ninayoisimulia ni ya mwanzoni mwa 1998, mvua za Elinino zilikuwa zimetunyoosha, barabara yetu imekatika sehemu kibao na tangawizi imeoza shambani. Sisi ni wa wilaya ya Same, milimani, upande wa Mamba, si mbali na Giti ambako wamisionari kutoka Ujerumani walianzisha kazi ya Wasabato mwaka 1903. Kwa hiyo Usabato kwetu si kitu tulichosikia juzi kwenye mkutano wa injili, ni wa mababu, na ukiwa wa mababu unakuja na mambo yake. Kuna familia zina benchi lao kanisani na hakuna karatasi iliyoandikwa popote ila kakae pale uone utakavyoangaliwa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Mchungaji wa mtaa ana makanisa mengi, anapita kwa zamu, kwa hiyo wiki nyingi anayeongoza ni mzee wa kanisa, na baba aliongoza vizuri sana nisimsingizie. Mtu wa haki, hakopi, hachelewi, suti moja ya kijivu mwaka mzima na imenyooka. Ila alikuwa mtu wa kutoa, kupokea hapana. Ukimletea ndizi leo kesho unaletewa maharage, hakubali kulala na deni la ndizi. Na kwenye kutawadhana alikuwa na mtindo wake ambao mie niliugundua kwa sababu nilikuwa nasaidia mashemasi kubeba maji. Anaosha mtu mmoja, wakati mwingine wawili, wale wagonjwa au wageni, halafu ikifika zamu yake kuoshwa ghafla ana kazi. Anaenda kuangalia meza imetandikwa, anaenda kuuliza mkate umekatwa, anarudi watu wameshavaa viatu wanaimba. Hakuna aliyemuuliza, nani amuulize mzee wa kanisa?

Upande wa pili kulikuwa na mzee tuliyekuwa tunamwita Babu Koti, maana jua liwake mvua inyeshe koti lile la bluu liko mwilini. Kazi yake ilikuwa kuangalia ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji usiku halafu asubuhi linafunguliwa na kila shamba linapata kwa zamu, kwa hiyo alikuwa mtu wa matope na majembe na kugombana na watu kuhusu maji. Na alikuwa mtu wa dengelua. Kama hujawahi kuishi Upareni, dengelua ni pombe ya miwa, na kwa Msabato pombe ni pombe tu hata iwe ya miwa ya bibi yako. Alionywa, akaacha, akarudia, akaonywa tena, mwisho baraza la kanisa likapeleka jina lake kwa washiriki, mikono ikanyooshwa, akaondolewa ushirika. Aliyesoma jina lake mbele za watu ni baba. Sisemi alikosea, taratibu ndo zilivyo na mtu alikuwa analewa kweli. Baada ya kama miaka miwili hivi mzee akaja makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kanisa, akalia, akabatizwa upya, watu wakaimba na kumkumbatia wakaenda zao nyumbani.

Kwa hiyo ile robo ndo ilikuwa Meza ya Bwana yake ya kwanza tangu arudi.

Wanaume tulipewa darasa la shule jirani na kanisa. Mabenchi yamesogezwa ukutani, mabeseni ya plastiki chini, mataulo begani kwa mashemasi, maji ya moto tumeyaweka kwenye chupa kubwa za chai na ya baridi kwenye ndoo maana kule juu mwezi wa kwanza na ile mvua, maji ya bomba yanauma mifupa. Watu wanachaguana. Hili nalo halisemwi ila liko hivyo, mwenye duka anaoshana na mwenye duka mwenzake, mwalimu na mwalimu, marafiki na marafiki, na sijawahi kuona watu wenye kesi ya mpaka wa shamba wakichaguana ingawa hao ndo ibada yenyewe ilitungwa kwa ajili yao. Babu Koti akabaki amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho, koti lake limefungwa vifungo vyote. Hakuna aliyemfukuza wala kumsema. Kila mtu tu alikuwa tayari ana mtu.

Baba akaliona hilo, na kwa haki yake akaenda. Akachukua beseni, akamuosha, akamfuta, akaomba naye, vizuri kabisa. Halafu akasimama anaangalia mlangoni na mie nikajua anakoelekea.

Babu Koti akamshika mkono. "Mwalimu, kaa."

Baba akamwambia, "Mzee, wewe ni mkubwa wangu, haiwezekani uniinamie." Na kwetu hiyo ni hoja ya kweli, si kisingizio tu, mtu aliyempita baba umri hivyo kupiga magoti mbele yake ni kitu kinachokaa vibaya machoni pa watu. Darasa zima lilikuwa limenyamaza kwa ile namna ya watu wanaojifanya wanaimba. Babu Koti akajibu kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayegawa maji kule ndiva, "Petro naye alisema hivyohivyo. Kaa tumalize, watu wanasubiri mkate."

Baba akakaa! Mie nilikuwa na umri wa kama miaka kumi na tatu na sikuwahi kuona mtu anamwambia baba kaa, na akakaa.

Shemasi akamimina maji ya moto kwenye beseni na kugeuka kuchukua ya baridi. Baba nadhani alitaka mambo yaishe haraka, akavua kiatu na soksi, akatumbukiza mguu wa kulia palepale, mvuke unatoka. Akatulia. Babu Koti akaweka mkono ndani ya maji akautoa kama umepigwa shoti. Akamwangalia baba usoni. "Mwalimu, haya maji yanachoma." Baba akasema, "Mbona yako sawa tu."

Akamtoa mguu haraka, shemasi akaongeza ya baridi, na mzee badala ya kuosha juu juu kama tunavyofanya, viganja viwili vya maji, taulo, amina, akaugeuza mguu kuangalia chini. Nikaona na mie maana nilikuwa nimesimama na ndoo. Chini ya kidole gumba na kile kinachofuata kulikuwa na tundu, nyama imekuwa nyeupe pembeni na nyeusi katikati, na ile harufu ikatoka. Akachukua kiatu cha baba akaingiza mkono ndani, akavuta uso. Msumari wa soli ulikuwa umetokeza ndani ya kiatu, sijui ni wa muda gani, baba alikuwa anatembea juu yake kwenda shule na kurudi na hasikii kitu.

Alikuwa na sukari, tulijua, chai alikunywa bila sukari tukadhani ndo tumemaliza. Baadae daktari alitueleza kwamba sukari ikikaa muda mrefu inaua neva za miguu, mtu hasikii moto, hasikii msumari, na damu nayo haifiki vizuri kwa hiyo kidonda kinakula taratibu bila kupiga kelele. Wanatakiwa kuangalia miguu yao kila siku, mpaka chini ya nyayo. Nani kwetu alikuwa anaangalia nyayo? Hata asubuhi ile baba aliosha miguu nyumbani kama watu wote. Aliosha pale panapoonekana.

Babu Koti hakutangaza. Aliuosha ule mguu, akapita kuzunguka kidonda, akafuta katikati ya kila kidole kwa ncha ya taulo, akavua kitambaa chake cha shingoni akafunga, akavaa uso wa kawaida na wakaomba. Wakaenda kanisani, baba akaongoza Meza ya Bwana mpaka mwisho akichechemea, si kwa maumivu, ni kwa sababu sasa alijua.

Mchana uleule mzee akaja nyumbani hata hajala. Akamwambia mama huyu mtu anatakiwa hospitali kesho, si wiki ijayo. Magari hayapandi. Jumapili asubuhi wakaja vijana na machela, kitanda cha kamba na miti miwili, wakambeba mpaka chini Gonja kwenye hospitali ya Walutheri. Waliobeba walikuwa Wasabato, Walutheri na vijana wa Kiislamu wa kule kwenye ndiva, Babu Koti alikuwa amewapitia usiku nyumba kwa nyumba kama anatangaza msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Baba juu ya machela amefunikwa shuka anaona aibu mpaka amefumba macho, kila wakipita kwa mtu anasalimia huku amefumba. Yule asiyelala na deni la ndizi! Wakabadilishana mabega njia nzima na hakuweza kumlipa hata mmoja.

Gonja wakamsafisha wakampeleka KCMC Moshi, wakakata vidole viwili. Daktari alisema wiki chache mbele ingekuwa mguu.

Miaka mingi baadae, 2019, niko Dar, jirani yangu Mkatoliki akanionyesha klipu Papa Fransisko anapiga magoti kwa shida, mzee wa miaka 82, wanamshika, anabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir na Riek Machar, waache vita. Jirani alikuwa anatokwa machozi kwa ajili ya Papa na ana haki. Mie macho yangu yalikuwa kwa wale waliosimama, jinsi walivyoduwaa, miguu hawajui waiweke wapi. Nikamwona baba kabisa. Kuinama tunafundishwa tangu Shule ya Sabato ya watoto na mtu akiinama anasifiwa, lakini yule anayekaa kwenye benchi na kuachia mguu wake ugeuzwe na mtu ambaye yeye ndo alimsomea jina kanisani, huyo hakuna anayempigia makofi. Yohana 13, pale Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, ukiisoma taratibu Petro hakugombana na Bwana kuhusu kuosha wengine. Alisema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Na Yuda alikuwepo, miguu yake ilioshwa pamoja na ya wenzake, anatoka nje baadae, akishapokea tonge. Sijui kwanini kwenye mahubiri tunapita hapo mbio.

Baba akarudi na vidole vitatu na masharti. Mguu ukaguliwe kila siku. Yeye mgongo haupindi, mama macho yalikuwa na mtoto wa jicho, sisi watoto tulikuwa tunaangalia ila tunaangalia kitoto. Babu Koti akajipa kazi, kila Ijumaa jioni kabla Sabato haijaingia anakuja na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, anakiweka chini ya unyayo, anawasha tochi, anakagua na viatu anaviingiza mkono. Baba miezi ya kwanza alikuwa anamwandalia kitu kila anapokuja, tangawizi, sabuni, mchele, mzee anaviacha mezani. Mwisho baba akachoka akaacha kuandaa. Wakawa wanakula makande tu na kubishana kuhusu zamu za maji.

Halafu, maana maisha si ushuhuda wa makambi, Babu Koti akarudia dengelua. Jina likaletwa tena barazani. Baba akaomba mtu mwingine alisome, akakaa na watu wa kawaida, na kura ilipopigwa hakunyoosha mkono upande wowote. Jina likapita, mzee akatoka tena. Ijumaa ile ile alikuja na kioo chake kama kawaida, ananukia kidogo, mama akafungua dirisha.

Maneno yakaanza. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema tu, akaja kumuuliza baba kwa upole kama inafaa, mtu aliyeondolewa ushirika kuonekana kila wiki ameshika miguu ya mzee wa kanisa, na jioni ya kufungua Sabato. Baba akamwambia sawa, basi Ijumaa njoo wewe. Akaja kweli, akachuchumaa, akashika kioo, akaangalia pale vidole vilipokuwa. Ijumaa iliyofuata alituma mtoto kusema amepata mgeni.