Taa ya injini na gharama ya kukisia

Mwaka wa pili tangu nihamie ughaibuni nilinunua gari dogo la familia lililokwisha kutumika, kwa sababu zamu yangu ya kazi ilianza kabla ya basi la kwanza kupita. Miezi michache baadaye taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Nililipeleka gari gereji, fundi akachomeka kifaa chake, akasoma msimbo P0171, akatamka kwamba sensa ya oksijeni, inayopima moshi unaotoka kwenye injini, imekufa, akaibadilisha, nami nikalipa sensa na saa mbili za ujira, mzigo usio mdogo kwa mgeni anayeanza maisha. Siku ya nne taa iliwaka tena kwa msimbo ule ule.

Simwekei kinyongo, maana kosa lake ni la kawaida mno: aliuchukua msimbo kana kwamba ni jina la kifaa kilichoharibika. P0171 haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema kwamba mchanganyiko unaochomwa ndani ya injini una hewa nyingi kuliko mafuta, na kwamba kompyuta ya gari imeongeza mafuta hadi mwisho wa uwezo wake bila kufaulu kuusawazisha. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka habari hiyo, na kumfukuza mjumbe hakuzibi tundu ambamo hewa inapenya.

Baada ya hapo nilinunua kifaa changu cha kusomea, kile kidogo kinachozungumza na simu. Magari yote ya abiria ya petroli yanayouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996, na magari mapya ya petroli katika Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pini 16 karibu na miguu ya dereva, kwa hiyo hata mtu asiye fundi anaweza kuona anachokiona fundi. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba faida kubwa ya kifaa hicho haimo kwenye misimbo, bali kwenye takwimu zinazobadilika wakati injini inanguruma. Iko takwimu moja inayoonyesha kwa asilimia kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko. Kwenye injini yenye afya huwa karibu na sifuri, na hata ikipanda au kushuka kwa asilimia chache hakuna la kuhofia.

Kwangu ilisoma asilimia 24 za nyongeza gari likiwa limesimama na injini ikizunguka polepole, lakini nilipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ilishuka hadi 6. Tofauti hiyo ilinipa jibu karibu lote: kuna mahali hewa ilikuwa inapenya. Injini inapozunguka polepole huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa inayopenya kwenye ufa mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Inapokwenda kwa kasi, ufa ni ule ule lakini hewa halali imeongezeka mara nyingi, na madhara yake yanamezwa. Lau ingekuwa kinyume, yaani takwimu ni nzuri gari likisimama na mbaya likipanda mlima, ningeshuku pampu ya mafuta, chujio lililoziba, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Nilifungua boneti, nikasikiliza, nikakuta mpira mwembamba wa kupitishia hewa nyuma ya injini umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipoubana kwa vidole mlio wa injini ulibadilika papo hapo. Kuubadilisha kulichukua muda mfupi kuliko kuutafuta.

Tangu siku hiyo wenzangu wa kazini huniita kabla ya kwenda gereji, na malalamiko yao mengi huja majira ya baridi. Dada mmoja alinipigia asubuhi akiwa karibu kulia: taa ya breki, ya usukani na ya giaboksi zote zimewaka kwa pamoja, na gari limewaka kwa shida. Nilimwambia asiogope, kwa kuwa mifumo mitatu haiharibiki usiku mmoja. Magari ya kisasa yana kompyuta nyingi ndogo, na umeme unapopungua kila moja huanza kulalamika kwa sauti yake. Betri iliyojaa ikipumzika usiku mzima husoma takriban volti 12.6, yake ilisoma 12.1, na starta ilipozunguka ikaanguka hadi 8.9. Injini ilipowaka ilisoma 14.2, maana yake alteneta ilikuwa inachaji vizuri na ingekuwa dhuluma kuibadilisha. Kasoro ilikuwa betri tu. Tahadhari moja: gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani huhitaji betri ya aina maalumu, na baadhi ya magari hudai kompyuta iarifiwe kwamba betri ni mpya.

Taa ya injini ikiwa inawaka bila kupepesa, kwa kawaida unaweza kuendesha taratibu hadi nyumbani, ilimradi taa ya mafuta ya injini na ya joto hazijawaka. Ikipepesa, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute mahali salama pa kusimama, kwa kuwa injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuwasha mafuta yake, kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi, ambako huungulia ndani ya kisafishio cha moshi na kukiyeyusha. Kifaa hicho ni miongoni mwa vile vya bei kubwa kabisa kwenye gari. Msimbo P0302 utakuambia ni silinda ya pili inayomisi. Ikiwa kila silinda ina koili yake, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, zima injini, hamisha koili ya pili iwe ya tatu, kisha soma tena: msimbo ukigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu, na ukibaki pale pale angalia plagi kwanza na nozeli ya kunyunyizia mafuta baadaye. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na sielewi kwa nini watu hununua koili nne kwa mpigo.

Yapo mambo ambayo siyagusi. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme, zina volti za kuua, na mifuko ya hewa ya usalama ina baruti ndani yake. Hayo nawaachia wenye mafunzo. Hata pistoni za breki za nyuma zenye breki ya mkono ya umeme hazirudishwi ndani kwa nguvu kabla ya kompyuta kuziweka katika hali ya matengenezo.

Mtu akiniletea gari, swali langu la kwanza siku hizi ni kama ameshafuta misimbo. Wengi huifuta wakidhani wanasaidia, kumbe pamoja nayo hufutika kumbukumbu ya hali ya injini wakati kasoro ilipotokea: mwendo, joto, na mzigo uliokuwapo. Hapo hunibidi kuendesha siku mbili au tatu nikingoja taa iwake upya ndipo nianze kazi.