Jumamosi ya Oktoba katika Milima ya Blue Ridge

Kwetu Lushoto, mtu akikuambia kwamba anapanda mlimani, unamuuliza anafuata nini huko, na jibu huwa ni kuni, shamba au mbuzi aliyepotea. Sikuwahi kusikia mtu mzima akijibu kwamba anakwenda kutazama. Watazamaji walikuwa wageni tuliowaona wakishushwa na magari pale Irente, wakasimama ukingoni mwa jabali kuangalia nyika iliyo chini, wakapiga picha na kuondoka, nasi tukabaki na mizigo yetu kichwani tukijiuliza kama kwao hakuna mabonde. Kwa hiyo nilipokubali kufuatana na kikundi cha Waafrika Mashariki waishio Silver Spring, jimbo la Maryland nchini Marekani, ambao kila Oktoba hutenga siku moja ya kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, nilijua kwamba zamu yangu ya kuwa mgeni wa Irente imefika.

Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, watu kumi na wanne katika magari matatu, tukaelekea magharibi hadi Virginia, tukapita Warrenton na Sperryville, na kufikia saa mbili na nusu tulikuwa kwenye foleni ya lango la Thornton Gap. Wenyeji husafiri kwa wingi msimu huu ili kuona majani yakibadilika rangi. Kamusi hutwambia kwamba majira haya nayo huitwa vuli, lakini masikioni mwangu vuli ni mvua za kupandia maharage, na ilinichukua miaka kadhaa kuzoea vuli ambayo kazi yake ni kuvua miti nguo. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile kijani ikafifia, na manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani tangu mwanzo ikajitokeza. Wekundu ni jambo jingine, kwa sababu jani hulitengeneza upya kutokana na sukari iliyobaki ndani yake, na ndiyo maana jua kali la mchana likifuatana na baridi ya usiku isiyofikia kuganda, wekundu hukolea.

Ndani ya hifadhi kuna barabara moja kuu, Skyline Drive, inayopita juu ya mgongo wa milima kwa maili 105, yaani karibu kilomita 169, na kila maili ina nguzo yenye namba, kiasi kwamba watu hapa hawaelekezani kwa majina ya vijiji bali kwa namba za nguzo. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 35 kwa saa. Mara tu baada ya lango, barabara inaingia katika handaki lililotobolewa kwenye mwamba wa Marys Rock mwaka 1932, na ukitoka upande wa pili unaanza kuziona kuta fupi za mawe zilizopangwa ukingoni na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango ulioanzishwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933 ili kuwapa kazi vijana wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi yao ni nzuri. Baba yangu alikuwa mwashi, na nadhani angesimamisha gari ili azipapase.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Stony Man, kilele cha pili kwa urefu katika hifadhi, chenye zaidi ya mita 1,220. Jina linakutisha, lakini magari huegeshwa juu sana, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita mbili na nusu tu, na mwinuko ni wa taratibu. Sehemu ya kwanza ya njia inafuata Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu inayoanzia Georgia na kuishia Maine, na unaitambua kwa alama nyeupe za rangi zilizopakwa kwenye mashina ya miti. Njia za pembeni hupakwa alama za buluu. Kiongozi wetu, kaka mmoja kutoka Nyeri, alitutangazia sheria moja tu kabla hatujaanza: hakuna anayefika kileleni kabla ya wa mwisho kuonekana. Vijana wawili waliguna, na nakiri kwamba hata mimi niliguna moyoni, kwa kuwa wa mwisho alikuwa dhahiri tangu pale pale maegeshoni. Alikuwa shangazi kutoka Mombasa, mwenye umri uliozidi miaka sitini, aliyekuja kumtembelea mwanawe, naye alikuwa amevaa raba mpya, sweta mbili na khanga juu ya suruali.

Kileleni kuna mwamba wazi wa rangi ya kijivu inayoelekea kijani, uliotokana na lava ya kale, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kutoka hapo unatazama magharibi, chini kabisa, mji wa Luray na mashamba yaliyokatwa vipande vipande, na nyuma yake mlima mrefu wa Massanutten umelala kama mamba. Kilichonishangaza zaidi ni rangi kupangika kwa ngazi. Huku juu mialoni ilikuwa imeshageuka hudhurungi na kuanza kupukutisha, katikati ya mteremko kulikuwa na manjano na wekundu uliowaka, na kule bondeni bado kulikuwa kijani. Msimu huanzia juu ukashuka. Mtu akiteremka kutoka kileleni anarudi nyuma kama wiki mbili kwa saa moja tu.

Tulitaka kwenda moja kwa moja kwenye maporomoko ya Dark Hollow, nguzo ya maili ya 50, lakini maegesho yalikuwa yamejaa, tukaamua kusogea mbele na kula kwanza. Tulikula Lewis Mountain, karibu na maili ya 57. Kiongozi wetu hupachagua mahali hapo kila akiweza, na sababu yake si kivuli. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya Wamarekani weusi, kwa sababu maeneo mengine ya kupumzikia katika hifadhi yalitengwa kwa wazungu, na utengano huo uliendelea hadi mwaka 1950 ulipokwisha kabisa. Alitueleza hayo huku akipakua pilau kutoka kwenye hotipoti, bila kupandisha sauti. Akaongeza kwamba kabla ya hifadhi kuanzishwa rasmi mwaka 1935 kulikuwa na watu wakiishi kwenye milima hii, na jimbo la Virginia lilitumia sheria ya mwaka 1928 kuchukua ardhi yao, familia takriban 500 zikahamishwa. Shangazi aliuliza kama walilipwa. Wenye hati walilipwa, akajibiwa, na wasio na hati waliondoka mikono mitupu. "Basi ni yale yale," alisema, akaomba aongezewe kachumbari.

Saa tisa alasiri tulipata nafasi Dark Hollow. Maporomoko haya yana urefu wa kama mita 21, na njia ya kuyafikia haizidi kilomita moja na robo, lakini inaanzia juu ikishuka kando ya kijito, mita 130 na zaidi za kuteremka, na kila hatua unayoshuka kwa raha utairudia kwa jasho. "Njia inayoanza na mteremko ni deni, wanangu," alisema shangazi akishika fimbo. "Jioni tutalilipa."

Majani yaliyoanguka yalikuwa yamefunika mizizi na mawe yenye unyevu, na hapo niliteleza mara mbili. Mara ya pili nilihisi kitu kimeachia: soli ya kiatu changu cha kulia, kiatu nilichokihifadhi kabatini miaka sita nikikiita cha milimani, ilikuwa imebanduka kutoka kidoleni hadi kisiginoni, gundi imekuwa unga. Shangazi alikataa katakata khanga yake isichanwe, ila alitoa kamba iliyofungia hotipoti, akapiga magoti kwenye majani na kukifunga kiatu changu mizunguko mitatu, kama afungavyo kifurushi cha kupeleka kwa basi.

Kwa hiyo nilifika kwenye maporomoko nikiburuta mguu. Maji hayakuwa mengi, maana Oktoba hiyo mvua ilikuwa haba, lakini uchache huo ulifanya yaonekane vizuri zaidi: yalikuwa yakigawanyika kwenye ngazi za mwamba mweusi wenye kuvu, yakikutana, yakigawanyika tena. Chini kulikuwa na kidimbwi ambamo majani ya manjano yalizunguka polepole, na kila jani lililokaribia mlango wa kutokea lilisita, likageuka mara moja, kisha likachukuliwa. Utotoni niliyaona maporomoko ya Soni dirishani mwa basi la Mombo zaidi ya mara mia, wala sikuwahi kushuka.

Wakati wa kurudi kiongozi alibadili mpangilio. Alimweka shangazi mbele ya wote na mimi nyuma yake, na akakataza mtu yeyote kumpita. Tulipanda kwa mwendo wake, hatua ishirini na pumziko, hatua ishirini na pumziko, na vijana waliokuwa wakilalamika asubuhi walikuwa kimya, wakihema. Ilituchukua dakika hamsini. Kamba ya hotipoti ilishika hadi garini.

Jumapili asubuhi nilimpigia mama simu Lushoto nikamsimulia yote: jabali, rangi, maporomoko, kiatu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mlima wenyewe una miti?"

"Mingi sana, mama. Chini imejaa matawi makavu."

"Na mlikuwa watu kumi na wanne."

"Ndiyo, mama."

"Mkarudi bila hata ukuni mmoja?"