Mswada wa riwaya ya mapenzi ya 1905 ulivyokwamuka sura ya 4

Mswada wa riwaya hii ya Dar es Salaam ya 1905 ulikwama kwa sababu mbili. Kwanza, kila sentensi ilizaa swali la historia. Dawa: weka XX mahali pa jambo usilolijua, songa mbele hadi maneno 500, ujaze Jumamosi. "Akamlipa mwenye mtumbwi XX, akavuka Kigamboni." Hapo zinaingia heller, si senti: tangu 1904 rupia ya Kijerumani ilikuwa heller 100, kabla yake, pesa 64.

Pili, na hapa ndipo penye kazi: kizuizi cha wapenzi kilikuwa baba mkali tu, na baba mkali anafaa mwaka wowote. Kizuizi lazima kizaliwe na mwaka wenyewe. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907. Kijana akipata kibarua relini, kila reli inayolazwa inamtenga na binti. Sura zikapata mwendo: tandika reli, andika barua, barua ichelewe.

Binti asikae Kariakoo, lakini. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, walioingia mjini 1916. Msomaji wa Dar atalinasa kosa hilo ukurasa wa kwanza.