Hiace njo itakuwa nyumba yangu

Mimi nimeshakata shauri, kuanzia mwezi wa tano siko nalipa nyumba tena, nitalala mu Hiace, ile minibasi ya Toyota, ya zamani yenye nimenunua kwa fundi mumoja wa Katuba. Nyumba inanikula dola 150 kila mwezi, piga mara 12 utaona 1800, na hapo sijahesabu garanti yenye kila bailere, mwenye nyumba, anaomba mbele hata hujaingiza kitanda. Kule Marekani batu benye banataka kuacha kazi mapema banahesabu matumizi ya mwaka mara 25, hiyo njo akiba yenye banatafuta kwanza. Mimi natumia dola 300 kwa mwezi, ni 3600 kwa mwaka, kwa hiyo akiba yangu ni dola 90.000. Ni mingi, lakini niko na miaka 31.

Nitapaki mu parseli ya mama mudogo, Kampemba, kuko bomba na choo. Chenye kinanisumbua ni baridi, mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi usiku inauma kweli na chuma inashika ile baridi yote, njo maana nafunika ukuta ya ndani na ponji kwanza. Mwezi wa kumi itakuwa joto, nitatoboa dirisha juu.

Mudogo wangu analia, "Yaya, batu batasema nini?" Nilimuonyesha hesabu, akanyamaza, kesho yake akaleta blanketi.