Nzi hawamalizwi kwa kopo la dawa

Msimu wa maembe umeingia. Huku kwetu Mbagala kila genge lina rundo la maganda na kokwa nyuma yake, na majirani wameanza kuniuliza swali lao la kila mwaka: dawa gani inaua nzi kweli? Mwaka huu sitaji kopo lolote. Nina watoto wadogo ndani, na jambo hili nalichukulia kwa uzito, kwa hiyo naandika ninavyoamini.

Dawa ya kupulizia inamuua nzi unayemwona. Yule wa wiki ijayo yuko salama, kwa sababu bado ni funza mahali fulani. Nzi jike wa kawaida hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na hurudia tena na tena katika uhai wake mfupi. Kwa joto la Dar, mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula kwa siku chache hadi wanenepe, kisha husogea pembeni pakavu na kujifungia ndani ya ganda la kahawia dogo kama punje ya ngano. Humo ndimo anamotokea nzi mwenye mabawa. Safari yote hiyo inaweza kuisha kwa siku 10 hivi, au pungufu. Sasa gari la taka la mtaani kwetu hupita mara moja kwa wiki, na zipo wiki halipiti kabisa. Likiruka zamu moja tu, viroba vilivyosimama getini vimeshakuza kizazi kizima.

Ndiyo maana mimi nikiona nzi wamezidi, kazi ya kwanza ni kutafuta wanapozaliwa. Nazunguka uani asubuhi kabla jua halijawa kali, nachokonoa kwa kijiti chini ya pipa, kwenye majani yaliyofagiwa na kuachwa yaoze, pembeni ya karo tunapooshea vyombo. Mwaka jana huko kote kulikuwa safi, na bado sufuria ya wali ikifunuliwa tu inakuwa nyeusi. Chanzo kilikuwa ng'ambo ya ukuta, kwenye banda la kuku wa nyama la jirani yetu.

Kwenda kwa mtu mzima kumwambia banda lake linaleta nzi kunahitaji adabu. Nilikwenda jioni, amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tuliongea kwanza habari za wajukuu na bei ya chakula cha kuku, ndipo nikamwomba tuingie bandani pamoja. Maranda ya katikati yalikuwa makavu, hayana shida. Lakini kuzunguka vyombo vya maji yalikuwa yameloa, yameshikana na kinyesi, na alipoyageuza kwa koleo chini kulikuwa kweupe kwa funza. Mzee alinyamaza, kisha akaniambia hata yeye nzi wanamtesa, alidhani wanatoka kwetu. Funza wa nzi hawezi kukua kwenye mbolea kavu, anataka unyevu. Kwa hiyo hakuhitaji kuuza kuku wake. Aliinua vyombo vya maji juu ya matofali visimwagike ovyo, akawa anayatoa maranda yaliyoloa kila yanapoonekana, na mbolea anaifunga kwenye viroba na kuviacha juani mpaka mnunuzi wa bustani aje. Nzi walipungua kwetu na kwake.

Choo nacho kina siri yake. Vyoo vingi vya shimo huku vina lile bomba refu la kutolea hewa, na wengi wanajua ni la harufu tu. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga. Ndani ya choo kukiwa na kiza, mwanga anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda, anakutana na wavu, anafia hapo. Wavu ukitoboka, bomba linakuwa mlango wao. Mwombeni baba mwenye nyumba aubadilishe, gharama yake ni ndogo.

Dada yangu anaishi Uingereza, naye aliniandikia analalamika kwamba majira ya baridi nzi wanajazana darini kwake, na siku jua likichomoza wanashuka wamelewa usingizi kuelekea madirishani. Alikuwa ameanza kujiona mchafu. Hao ni nzi wa aina nyingine kabisa. Mabuu yao huishi udongoni wakiwala nyungunyungu, na nzi wakubwa huingia kwenye nyufa za nyumba kujificha baridi tu. Hawatagi humo wala hawatokani na uchafu. Yeye dawa yake ni kuziba nyufa kabla baridi haijaanza, na walioingia awafyonze kwa mashine ya vumbi. Nilifurahi kumtoa wasiwasi.

Wetu sisi wanatoka jalalani na chooni, halafu wanatua mezani. Nzi huonja kwa miguu, na chakula kigumu hukitemea mate kwanza ili kilainike ndipo akifyonze. Anabeba vimelea vya kuhara, na kipindupindu pia. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 hapa mjini ndio uliofanya sherehe za uhuru za Desemba 9 mwaka ule zifutwe, nchi nzima ikashika mafagio. Kwa hiyo nyumbani kwangu chakula hakikai wazi. Bibi yangu alikuwa na kawa za ukindu, kubwa ya sinia na ndogo ya bakuli, na mimi nimenunua za kwangu. Zile za plastiki za matundu nazo zinafaa, mradi zifike mezani zisiache upenyo.

Kilichobaki mtaani kwetu ni mtaro ulio nyuma ya wauza samaki wa kukaanga, ambao magamba na matumbo yanamwagwa humo kila jioni. Nimeshaongea na mama mmoja pale, amekubali ndoo yenye mfuniko iwekwe na zamu ya kuimwaga ipangwe. Jumamosi ya usafi, mwisho wa mwezi, tunakwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba mtaro uzibuliwe. Mwenye koleo aje nalo.