Kuni za Mwaloni wa Uani kwa Kukausha Nyama

Upepo ulipoangusha tawi kubwa la mwaloni uliopo nyuma ya nyumba, nililikatakata siku hiyo hiyo, na baada ya wiki tatu nikalitumia kukaushia nyama kwa moshi. Nyama ilitoka nyeusi, ikiwa na uchungu ulioganda ulimini kama lami, nikalazimika kuitupa yote. Tangu siku hiyo kuni hizi nazihesabu kuwa kiungo sawa na chumvi, na nazitunza hivyo.

Mwaloni mbichi hubeba maji ambayo uzito wake hupita nusu ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Moto hupoteza joto lake kwa kuyachemsha maji hayo, huwaka kwa kusuasua, na hutoa moshi mzito, mweupe, uliojaa chembe za lami zinazotua juu ya chakula. Kwa hiyo kazi kubwa ni kusubiri. Gogo hupasuliwa mapema vipande vya unene wa kifundo cha mkono, kwa kuwa unyevu wa mwaloni hutoka polepole mno ukiachwa mzima. Vipande hupangwa juu ya vipago ili visiguse udongo, hufunikwa juu tu, na pande zote huachiwa upepo. Vipande vyembamba huhitaji mwaka mmoja hivi, na vinene hata miwili, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kipima unyevu husaidia, lakini mimi huanza kwa masikio: kuni mbichi zikigongwa hutoa sauti nzito iliyozibwa, ilhali kavu hulia kwa sauti kali na safi, na ncha zake huwa zimepasuka nyufa zinazotoka katikati kama miale.

Ni vizuri pia kuujua mti wako. Kwa kawaida mialoni ya kundi jeupe ina majani yenye ncha za mviringo, na ile ya kundi jekundu ina majani yenye ncha kali zinazoishia kwa unywele mgumu. Njia ninayoipenda zaidi ni hii: nachukua kipande kifupi kilichokauka kutoka kwenye kiini, napaka povu la sabuni upande mmoja, kisha napuliza kwa nguvu upande wa pili. Mwaloni mwekundu hupitisha pumzi kwenye vinyweleo vyake na povu hututumka mbele ya macho yako. Mweupe hukataa, kwa sababu vinyweleo vyake vimezibwa. Makundi yote mawili hutoa moshi mzuri kwa nyama na samaki.

Lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu, ndiyo inayovunjwa na joto na kutoa gwayakoli na siringoli, yaani ile ladha na harufu tunayoitambua mara moja kuwa ya moshi. Moto ukinyimwa hewa, vitu hivyo huja pamoja na masizi na uchungu. Ndiyo maana nawasha makaa kwanza, kisha naongeza kipande kimoja kimoja huku tundu la hewa likiwa wazi, na siweki nyama mpaka moshi uwe mwembamba, wenye rangi ya samawati, unaoonekana kwa shida. Hapo nalinda joto la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa nyingi.

Kuni zenye ukungu, rangi au misumari usizitumie, wala za mti uliopuliziwa dawa. Mitambaazi iliyong'ang'ania gome iondolewe yote, kwani moshi wa baadhi yake hudhuru mapafu.

Tawi lile lilibaki na rundo la kutosha. Miezi 14 baadaye nilichoma vipande vinne vyake, na nyama ikatoka na ganda la kahawia iliyokolea, tamu mpaka kwenye mfupa. Rundo jipya nimeliandika tarehe kwa chaki kwenye ncha ya kipande cha juu, na halitaguswa kabla ya mwaka kwisha.